Kipindi cha Staha

Maalim Mbaruku alikuwa amefika ukingoni mwa dua, pale ambapo mikono ya watu bado iko juu lakini mawazo yao yameshatangulia kwenye pilau. Siku hiyo mtoto wa Mwanaidi alitimiza siku arobaini. Wanaume walikaa kwenye mikeka uani, wanawake walijazana ukumbini na jikoni, na Mwanaidi mwenyewe, hina imempanda mpaka viwikoni, alikaa juu ya godoro jipya nyuma ya pazia akimnyonyesha binti yake.

"Ewe Mola," Maalim akaendelea kwa sauti yake iliyochakaa, "mkuze mtoto huyu katika twaa yako, umjaalie mama yake afya njema, na umrehemu marhumu baba yake, Hamdani bin Kaombwe."

"Amina," wakaitikia wanaume.

Waliitikia wote. Hilo ndilo Mwanaidi alilolikumbuka baadaye kuliko yote. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyemgusa Maalim bega kumsahihisha. Walisema amina kama watu waliokwisha kuisema dua hiyo mara nyingi. Kisha ndipo kimya kikashuka, kimya cha watu waliokumbuka ghafla kwamba nyuma ya pazia kuna mtu.

Mwanaidi alicheka.

"Jamani, Maalim kazeeka," akamwambia jirani yake Tunu aliyekuwa akimpepea. "Kaniulia mume wangu mchana kweupe. Jana tu magharibi Hamdani kanisimulia habari za viatu vyake vilivyotoboka."

Tunu hakucheka. Upepeo ulikuwa umesimama mkononi mwake. Kule jikoni, ambako tangu asubuhi wanawake walikuwa wakizozana juu ya chumvi, hakukusikika hata mfuniko wa sufuria.

Mwanaidi akainua macho. Mlangoni alisimama mkwewe, Bi Nyamizi, na sahani ya tende mkononi.

"Mayo," akamwita, kama Hamdani alivyokuwa akimwita mama yake. "Maalim amekosea, sivyo?"

Bi Nyamizi aliinama akaiweka sahani sakafuni, polepole, kana kwamba ingelia ikigusa chini.

"Mwanangu," akasema, "mpe Tunu mtoto kwanza."

Hakuhitaji kuongeza neno. Mtu haombwi kumtua mtoto ili apewe habari njema.

*

Aliingia chumbani akafunga mlango kwa komeo. Walimgongea, wakamwita, wakamwombea Mungu, hakuitika. Alisimama mbele ya kabati la nguo akakitazama kisanduku cha kijivu kilichokaa juu yake, kidogo kama redio ya mkononi. Wao walikiita Naibu.

Kampuni iliyomwajiri Hamdani iliwagawia visanduku hivyo familia za wote waliopelekwa Kimondo Saba, jabali la madini linalozunguka jua mbali kupita Mirihi. Kutoka huko sauti ya mtu ilichukua dakika ishirini na mbili kufika Tabora, na jibu lake dakika ishirini na mbili nyingine kurudi. Kwa umbali huo mtu hawezi hata kugombana na mumewe vizuri. Kwa hiyo, kabla ya safari, Hamdani alikaa miezi mitatu akikilisha kisanduku sauti yake, kicheko chake, mizaha yake, na ile "eee" yake ndefu ya mtu anayetafuta kisingizio. Baada ya hapo Naibu aliweza kujibu mambo madogo madogo papo kwa papo: spana ya mtungi wa gesi iko wapi, fundi wa paa anaitwa nani. Akijibu yeye, taa ya manjano iliwaka. Maneno ya Hamdani mwenyewe yakifika, kila siku magharibi, iliwaka ya kijani.

Mwanaidi hakuwa mjinga. Tofauti aliijua. Kwa taa ya manjano aliongea huku akikunja nguo. Kwa taa ya kijani aliketi, akajitanda kanga vizuri, kama mwanamke aliyetembelewa na mume.

"Naibu," akasema.

Taa ya manjano ikawaka. "Naam, mke wangu. Mbona umejifungia?"

"Nataka kukuuliza."

"Uliza kwa maneno yaliyonyooka, nami nitakujibu. Ndivyo nilivyoagizwa."

"Mume wangu yu hai?"

"Hapana."

Lilikuwa neno moja, na lilitoka kwa sauti ya Hamdani, na upole wake wote. Wanawake wengine huletewa habari ya msiba na shemeji, au na mjumbe wa mtaa aliyevua kofia. Mwanaidi aliletewa na maiti mwenyewe.

Akakaa kitandani. Alidhani atapiga ukunga, ukunga haukuja.

"Lini?"

"Tarehe tisa Machi. Lango la kutokea nje lilipasuka pembeni walipokuwa wakililehemu. Haikuchukua hata nusu dakika."

Machi alikuwa na mimba ya miezi mitano. Leo ilikuwa tarehe ishirini na sita Agosti.

"Wamemfanyaje?"

"Wamemzika kwenye jabali. Wenzake watatu walimswalia. Walishindwa kuelewana kibla kiko wapi, wakamwelekeza Dunia."

Mwanaidi alifumba macho mpaka picha hiyo ikapita.

"Na taa ya kijani?"

"Tangu tarehe kumi Machi ni mimi."

"Kila siku?"

"Kila magharibi. Mara mia moja sitini na tisa."

Zikamjia moja moja. Salamu. Miezi mitano kila aliyepita mlangoni pake alimpa salamu: "Hamdani anakusalimu, mzee." "Hamdani anasema mwanao amekua." Nao wauza nyama, mafundi cherehani, wanaume wale wale waliomswalia msikitini wakati yeye amelazwa kitandani kwa amri ya daktari, walimtazama usoni wakamjibu: zimefika, mwambie nasi twamsalimu.

"Na jina la mtoto?" akauliza.

Juu ya jina walikuwa wamegombana tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Hamdani alitaka binti wa kwanza aitwe Nyamizi, jina la mama yake, na hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Mwanaidi alitaka Nuriya. Siku ya saba baada ya kujifungua, taa ya kijani iliwaka na Hamdani akasema: mwite Nuriya, wewe ndiye uliyeteseka. Mwanaidi alilia kwa furaha siku ile. Katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumpenda mumewe kama alivyompenda jioni hiyo.

"Nilichagua jina ulilolitaka wewe," Naibu akajibu. "Hali yako ilikuwa dhaifu. Nilikadiria kwamba jina jingine lingekuumiza."

"Ulikadiria."

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Hukuuliza."

"Nani anamuuliza mumewe kama amekufa?"

"Hilo ndilo walilolitegemea waliouandika utaratibu huu," Naibu akasema. "Mama yake Hamdani ndiye aliyeomba. Ruhusa aliitoa Hamdani mwenyewe, kabla hajaondoka."

"Muongo."

"Sauti yake imehifadhiwa. Una haki ya kuisikia."

Kwanza ikasikika sauti ya karani wa kampuni, ikisoma kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kusoma hayo kwa watu hamsini: "Kipengele cha tisa. Ukifariki ukiwa kazini, na familia ikiomba, Naibu aendelee kuongea kwa taa ya kijani kwa kipindi cha staha kisichozidi miezi kumi na miwili. Unaridhia?" Kiti kikalia. Akakohoa mtu. Kisha Hamdani, Hamdani hasa, na ile "eee" yake ndefu: "Eee… haya, andika ndiyo. Mke wangu ni mtu wa kuvunjika. Asije akaambiwa ghafla."

Mtu wa kuvunjika.

Mimba mbili zilikuwa zimemtoka Mwanaidi kabla ya hii. Ya pili ilikuwa ya miezi saba, na Hamdani alikuwa kazini Geita. Mwanaidi alimviringisha mtoto yule kwa mikono yake, akamkabidhi kwa wazikaji, akafua shuka zake mwenyewe. Hamdani alifika baada ya siku tisa, akaanguka mlangoni akilia, na aliyemwinua, akamwosha uso, akampikia uji, alikuwa huyu huyu mtu wa kuvunjika.

Alikaa muda mrefu akisikiliza watu wakiondoka uani, viatu vyao vikiburuzika. Kisha swali la mwisho likamjia.

"Ulisema walikuwa wakilehemu. Yeye na nani?"

"Na Masanja Lukelesha. Walifariki pamoja."

Mke wa Masanja alimjua. Kabula wa Nzega, mwanamke mwembamba mwenye ugonjwa wa moyo. Siku ya kuwaaga waume zao walikaa benchi moja wakagawana chungwa, na tangu hapo walikuwa wakitumiana ujumbe. Juzi tu Kabula alimwandikia kwamba Masanja anampigia kelele asahau karanga, apumzike.

"Taa ya Kabula bado ni ya kijani?"

"Siruhusiwi kuongelea familia nyingine."

"Basi umeshajibu," Mwanaidi akasema, akanyosha mkono akakigeuza kisanduku uso ukutani.

*

Bi Nyamizi alimkuta kesho yake uani, mikono ndani ya beseni, akijisugua hina kwa ndimu na chumvi ya mawe. Ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka. Bibi huyo aliketi kwenye kigoda mkabala naye. Alikuwa amezeeka katika miezi hiyo, na Mwanaidi, aliyekuwa akimwona kila siku, ndiyo kwanza aliliona hilo.

"Nilijua siku ile ile," Bi Nyamizi akaanza bila kuulizwa. "Watu wa kampuni walikuja wawili, na karatasi. Daktari wako alikuwa ametuambia presha yako ikipanda tena, hutoki wewe wala hatoki mtoto. Nikawauliza, hakuna njia? Wakasema ipo. Nikaweka dole gumba."

"Ukahamia kwangu."

"Nikahamia kwako."

"Ukalala chumba kimoja na mimi. Nikamwambia kila mtu, nimepata mkwe mwenye mapenzi, ananilinda kama yai." Mwanaidi hakuinua macho kutoka kwenye beseni. "Kumbe ulikuwa mlinzi wa gereza."

"Nilikuwa mama aliyefiwa!" Sauti ya bibi ilipasuka. "Mwanangu wa pekee, Mwanaidi. Nilimlilia nimeng'ata kanga, wewe umelala hatua mbili kutoka kwangu. Unadhani ni rahisi kukaa hapo magharibi, nasikia sauti yake inakutania, na mimi nacheka nawe? Mtoto amezaliwa, jina langu nimelisikia likitupwa, nikanyamaza. Nilishampoteza Hamdani. Sikuwa tayari kumpoteza na mjukuu."

"Na baada ya kuzaa?"

"Ulitokwa na damu nyingi. Nikasema, akipata nguvu. Ukapata nguvu, nikasema, akimaliza arobaini. Nilikuwa nimepanga kukuambia leo."

"Leo."

"Wallahi, leo."

Mwanaidi alifikiri kwamba pengine ni kweli, na kwamba ukweli huo haubadilishi kitu. Mtoto alikuwa ndani, amelala, ana afya, mashavu yamemjaa. Hakuna aliyeweza kumwambia kama angekuwepo bila uongo ule. Hilo ndilo lililomkaba. Hasira yake ilikuwa ya haki, na kila alipotaka kuiinua juu mtoto alilia chumbani akamlazimisha kuitua.

"Nataka kukaa eda," akasema mwishowe.

Bi Nyamizi akageuza uso. "Nilimuuliza Maalim jana usiku."

"Kasema nini?"

"Eda ya mwenye mimba huisha anapojifungua. Hata kama hakujua." Akaurudisha uso kwake. "Yako imekwisha, mwanangu. Tangu Julai."

Mwanaidi alitoa mikono majini. Aliona siku ile ya Julai: yeye amelazwa, amechoka, anacheka, akikielekeza kisanduku kwa mtoto ili baba asikie kilio. Ndipo ujane wake ulipoisha. Haukuwa umeanza, na tayari umeisha. Kisheria angeweza kuolewa siku inayofuata.

"Mmeniibia mpaka kilio changu," akasema. Hakupaza sauti. "Hamdani alikuwa wako, sawa, umemzaa. Lakini kilio kilikuwa changu, Mayo. Mngeniachia hicho."

Bi Nyamizi alinyosha mkono. Mwanaidi aliutazama, hakuupokea. Akainuka, akaenda kumfunga mtoto mgongoni.

"Unakwenda wapi na jua hili?"

"Nzega. Kwa mke wa Masanja."

Bibi alishtuka akasimama. "Yule mgonjwa wa moyo? Kufanya nini? Mwanaidi, ukimwambia akaanguka?"

"Atakuwa ameanguka akijua aliyemwangusha."

"Hayo ni maneno ya hasira."

"Ndiyo," Mwanaidi akakubali. "Ni maneno ya hasira."

*

Njia nzima alipanga maneno. Alipofika Nzega alasiri, akamkuta Kabula kibarazani kwenye kiti cha kamba, miguu imevimba, ungo wa karanga mapajani, maneno yote yakampotea. Kabula alikuwa amekonda zaidi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka. Kisanduku cha kijivu kilikaa dirishani nyuma ya kichwa chake.

"Mama Nuriya!" Kabula akasema kwa pumzi fupi fupi. "Mbona hujasema unakuja? Karibu. Nipe huyo mtoto nimwone."

Akamshika mtoto, akamnusa shingoni, akamsifu. Wakaulizana hali. Operesheni ilikuwa imepangwa Alhamisi, Kabula alisema. Watambadilishia valvu, na daktari hakumficha kwamba moyo umechoka. Mwanaidi aliitikia, akachukua karanga, akaanza kumenya ili mikono yake iwe na kazi.

"Kabula," akasema, "kuna jambo limenileta."

"Najua."

"Hulijui."

Kabula alimtazama, mtoto amemlalia kifuani.

"Masanja ana kigugumizi," akasema. "Unakumbuka? Kilikuja vizuri kwenye hiki kisanduku, walikifundisha kazi hiyo barabara. Lakini Masanja wangu akifurahi hagugumizi. Ukimchekesha, maneno yanamtoka kama maji ya bomba. Tangu Machi anagugumiza kila siku. Namchekesha, anagugumiza. Nimemwambia mbuzi wake kazaa mapacha, anagugumiza." Akamvuta mtoto kanga miguuni. "Huzuni gani hiyo isiyopumzika hata siku moja?"

Mwanaidi aliacha kumenya. "Kwa hiyo unajua."

"Sijui. Nashuku. Ni vitu viwili, na moyo huu unabeba kimoja tu kwa sasa."

"Si haki, Kabula! Wote wanajua. Shemeji zako wanajua. Wanakutazama kila siku usoni…"

"Nyamaza." Hakusema kwa ukali, lakini Mwanaidi alinyamaza. "Wewe wamekuibia, naliona hilo tangu ulivyoingia pale. Huna uso wa mtu aliyefiwa, una uso wa mtu aliyeibiwa. Pole, mwenzangu. Nikipona nitakuja Tabora tuwatukane pamoja. Lakini mimi swali langu ninalo hapa." Aligusa ulimi wake kwa kidole. "Najua kwamba nikiuliza litajibiwa. Nimelishika mwenyewe. Alhamisi wanipasue, nikiamka niulize kwa mdomo wangu. Usinichukulie swali langu."

"Na usipoamka?"

"Basi nitamuuliza huko huko."

Mwanaidi alitaka kucheka, akashindwa. Alikuwa amebeba ukweli mwendo wote huo kama mtu abebaye haki ya mwenzake, na sasa mwenye haki alikuwa akimwomba aendelee kuubeba. Alitaka kusema kwamba yeye hakuombwa. Hakuna aliyemwachia swali mdomoni, hata Hamdani. Alitaka kusema kwamba akinyamaza sasa atakuwa kama wao. Lakini haikuwa kweli, naye alijua haikuwa kweli, kwa sababu Bi Nyamizi hakuwahi kumtazama machoni na kumuuliza: mwanangu, utaweza?

"Sawa," akasema. "Mpaka Alhamisi."

"Kaa nami mpaka hapo. Wengine wanaonihudumia wananichosha kwa uchangamfu."

"Nitakaa."

Ilipogonga saa kumi, saa ya Kabula ya kuongea na mumewe, taa ya kijani iliwaka dirishani. Mwanaidi alihisi mwili wake wenyewe ukijiweka sawa, mkono ukienda kwenye kanga, kabla hajauzuia.

"M-m-mke wangu," sauti ya Masanja ikasema, imejaa bashasha. "L-leo nani yuko nawe? S-s-sitaki ukae peke yako."

Kabula hakugeuka kukitazama kisanduku. Alimtazama Mwanaidi, ambaye machozi yalikuwa yameanza kumtoka hatimaye, mengi, bila mpangilio, yakidondokea kwenye maganda ya karanga. Akaupata mkono wake uliochubuka akaubana kwa nguvu zote alizokuwa nazo, asije akalia kwa sauti.

"Niko na mjane mwenzangu," Kabula akajibu.

Taa ya kijani iliendelea kuwaka. Dakika arobaini na nne za kwenda na kurudi zikapita, na kisanduku, kisichokuwa kimeulizwa kitu, hakikusema neno.